Nusu ya chemchemi inamwagika: msuguano wa maji kwenye paipu na mfereji

SWALI: Sisi ni kikundi cha maji huku Maragoli, Kaunti ya Vihiga. Tuliijengea chemchemi yetu boksi la zege, tukalaza paipu ya plastiki ngumu (HDPE) ya milimita 50, ya daraja la presha la PN10, umbali wa mita 1,800 hadi kwenye tangi la shule ya msingi. Kutoka usawa wa maji kwenye boksi hadi pale maji yanapoingilia juu ya tangi, tumepimiwa mteremko wa mita 36. Chemchemi inajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 9, lakini kule tangini ndoo hiyo hiyo inachukua sekunde 18. Yaliyobaki yanamwagika juu. Mwishoni tumepandisha maji tangini kwa paipu ya chuma iliyopakwa zinki (GI) ya inchi ¾, mita 6 hivi, elbo (kona) mbili na koki ya boya, ile inayojifunga tangi likijaa. Fundi mmoja anataka tununue pampu. Wa pili anasema plastiki ni laini, haina msuguano, na kwamba kosa liko kwenye kona za njiani. Tumsikilize nani? Halafu ndugu yangu analima mpunga Ahero, naye anauliza kama hesabu ya paipu inafaa kwa mfereji, maana wake unafurika kabla maji hayajafika mkiani.

JIBU: Ndugu, mmefanya vizuri sana kupima kwa ndoo na saa kabla ya kununua chochote. Takwimu hizo chache zinatosha kulijibu swali lenu karibu lote. Lita 20 kwa sekunde 9 ni lita 2.2 kwa sekunde. Kwa sekunde 18 ni lita 1.1. Pampu msinunue. Anzeni kwa kung'oa kile kipande cha GI cha inchi ¾ pamoja na boya lake, kisha mpanue njia ya maji kwa sehemu kubwa ya ule urefu. Fundi wa pili amekosea kuhusu plastiki, na kona anazozilaumu karibu hazina hatia.

Zile mita 36 za mteremko zichukueni kama pesa mfukoni. Maji yanaanza safari nazo zote, na kila hatua ya paipu inakata kidogo. Yakifika juu ya tangi na kumwagika hewani, zote zimekwisha. Kwa hiyo maji yanapokuwa machache kuliko mnavyotaka, uliza mita 36 zimetumika wapi, na ufanye hesabu kama mweka hazina wa chama.

Sasa hili la plastiki kuwa laini. Maji yanayogusa ukuta wa paipu hayasogei hata kidogo, uwe ukuta wa chuma, wa plastiki au wa kioo. Yale ya katikati ndiyo yanayokimbia. Laiti mkondo ungekuwa tulivu, matabaka ya maji yangeteleza moja juu ya jingine kwa utaratibu, na gharama ingekuwa ndogo. Osborne Reynolds alilionyesha jambo hili kule Manchester mwaka 1883: alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo. Maji yakienda polepole uzi ulinyooka. Kasi ilipopanda, uzi ulivurugika na rangi ikatapakaa bomba zima. Mpaka huo hujulikana kwa namba yenye jina lake, nayo ni kasi ya maji mara kipenyo cha ndani cha paipu, ukigawanya kwa mnato wa maji. Kwa maji ya nyuzi 20 mnato huo ni 0.000001, ukitumia mita na sekunde. Namba ikiwa chini ya 2,000 hivi mkondo ni tulivu, ikipita 4,000 umeshavurugika.

Kwenye paipu yenu namba hiyo ni kama 32,000. Ili mkondo utulie, mngelazimika kupunguza maji mpaka ndoo ya lita 20 ijae kwa karibu dakika 5. Hakuna mradi wa maji unaoishi hivyo, kwa hiyo paipu zote za miradi, kuanzia Vihiga hadi Nakuru, zinafanya kazi kwenye vurugu.

Vurugu hiyo ni vimbunga vidogo vidogo vya maji. Vinachota maji yenye kasi katikati na kuyabamiza ukutani, kisha vinachota yaliyozubaa ukutani na kuyarudisha katikati, ambako yanapaswa kuongezewa mwendo upya. Nguvu inayopotea kwenye kazi hii hugeuka joto. Mita zenu zote 36 zikiisha kwa msuguano, maji yanapata joto la chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi, ndiyo maana hakuna mtu anayelihisi. Lakini kwa paipu yenu, kwa maji hayo hayo, msuguano wa vurugu ni karibu mara 12 ya ule ambao mkondo tulivu ungekuwa nao. Ulaini wa plastiki hauondoi vimbunga hivi. Unachofanya ni kutoviongezea makali, kama tutakavyoona tukifika kwenye GI.

Hesabu yenyewe ni ya wahandisi wawili wa karne ya 19, Henry Darcy wa Ufaransa na Julius Weisbach wa Ujerumani:

mita zinazopotea = f × (urefu ÷ kipenyo cha ndani) × (kasi × kasi ÷ 19.6)

Hiyo f ni namba ya msuguano. Kwa paipu laini, namba ya Reynolds ikiwa kati ya 4,000 na 100,000, mnaweza kuipata kwa simu. Chukua namba ya Reynolds, bonyeza kipeuo cha pili, kisha bonyeza tena kipeuo cha pili cha jibu. Gawanya 0.316 kwa utakachopata. Kwenu: 32,000 inakuwa 179, kisha 13.4, na 0.316 ÷ 13.4 ni 0.0236. Ukitia na ukwaruzo mdogo wa HDPE, kama sehemu moja ya mia ya milimita, inakuwa 0.0237.

Hapa watu wengi wanateleza, kwa hiyo twende polepole. Ile 50 iliyochapwa kwenye paipu ya HDPE ni kipenyo cha nje. Paipu ya PN10 ya plastiki ya daraja la PE100 ina ukuta wa milimita 3, kwa hiyo tundu la maji ni milimita 44. Ukiweka 50 kwenye hesabu, utajidanganya kwamba msuguano ni karibu nusu ya ulivyo kweli. GI hupimwa kinyume: inchi yake inakaribia kipenyo cha ndani. Ndiyo sababu mtu akisema tu "paipu ya inchi 2", muulize ni ya GI au ya HDPE ya milimita 63, maana tundu zake hazilingani.

Kwa tundu la milimita 44, lita 1.11 kwa sekunde zinakwenda kwa kasi ya mita 0.73 kwa sekunde. Urefu ÷ kipenyo ni 1,800 ÷ 0.044, yaani 40,900. Kasi mara kasi ÷ 19.6 ni 0.0272. Zidisha zote na 0.0237: mita 26.4.

Basi kati ya mita 36, paipu yote ya plastiki imekula 26.4. Mita 9.6 zimekwenda kwingine. Huo ndio upungufu wa mweka hazina, na tusihangaike na jambo jingine kabla ya kuupata.

Wa kwanza kumuuliza ni yule wa mwisho: mita 6 za GI ya inchi ¾. Tundu lake ni kama milimita 21.6. Lita zile zile 1.11 zikijibana humo zinakimbia kwa mita 3 kwa sekunde. Msuguano unafuata kasi mara kasi, kwa hiyo kasi iliyozidi mara nne inaleta msuguano wa mara 17 hivi, na bado hujahesabu kwamba tundu jembamba linaweka maji mengi zaidi karibu na ukuta, wala kwamba chuma kina ukwaruzo. Kila mita moja ya kipande kile inakula mita 0.76. Mita 6 zinakula 4.6. Ni sawa na kuongeza zaidi ya mita 300 za HDPE ya 50 kwenye njia yenu! Elbo mbili kwa kasi hiyo zinaongeza mita 0.8. Koki ya boya ya inchi ¾ inakula kati ya mita 2 na 4 kutegemea tundu la ndani, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko uzi wake wa nje unavyoonyesha. Jumla ni mita 7 hadi 9. Upungufu wenu karibu wote uko kwenye kipande ambacho mtu anaweza kukikumbatia akiwa amesimama kando ya tangi.

Niseme kidogo kuhusu ukwaruzo, maana hapa ndipo ulaini wa plastiki unapolipa. Ukutani, chini ya vimbunga, hubaki utando mwembamba wa maji matulivu. Kwenye HDPE yenu utando huo una unene wa milimita 0.13 hivi, na vinundu vya plastiki ni milimita 0.01: vimezama ndani ya utando, vimbunga havivigusi. Kwenye GI, kwa kasi ya mita 3, utando umenyauka hadi milimita 0.025, na vinundu vya zinki ni kama milimita 0.15. Vinachomoza mara sita juu ya utando na kuyapasua maji yanayopita. Hivyo neno "laini" halihusu ukuta peke yake. Paipu ile ile inaweza kuwa laini kwa maji ya polepole na ikawa na ukwaruzo kwa maji ya kasi. GI ikizeeka na kutu kujenga vichuguu ndani, hali inakuwa mbaya zaidi, na tundu lenyewe linapungua.

Kona za njiani je? Kwa kasi ya mita 0.73, elbo moja ya nyuzi 90 inakula sentimita 2.4. Kona 20 ni nusu mita. Fundi wenu wa pili angekuwa na hoja kama paipu ingekuwa fupi, tuseme mita 15 za ndani ya nyumba. Hapo kona na koki ndizo zinazotawala. Kwenye mita 1,800 ukuta mrefu ndio unaotawala, ila mkiweka kipande chembamba, kama mlivyofanya.

Kabla ya kufungua spana, fanyeni jaribio moja la bure. Pimeni maji yanayofurika kwenye boksi la chemchemi wakati tangi linapokea. Kama njia haivuji, ndoo ya mafuriko nayo itajaa kwa sekunde 18, maana 2.2 toa 1.1 ni 1.1. Ikijaa kwa sekunde 25, basi juu kunaingia lita 1.4 na chini kunafika 1.1, na lita 0.3 kila sekunde zinazama shambani kwa mtu. Tafuteni majani mabichi ya ajabu juu ya mtaro wa paipu wakati wa kiangazi cha Januari na Februari.

Jaribio la pili linahitaji geji ya presha ya bar 0 hadi 4, yenye uzi wa kuingia kwenye koki ya kuoshea paipu. Tuseme mna koki hiyo mita 900 kutoka kwenye boksi, na iko mita 22 chini ya usawa wa maji ya boksi. Maji yakiwa yanatiririka kawaida, nusu ya njia imekula nusu ya 26.4, yaani 13.2. Inabaki 22 toa 13.2, mita 8.8, nayo ni kama bar 0.9, kwa kuwa bar 1 ni mita 10.2. Geji ikisoma 0.9, nusu ya juu ni nzima. Ikisoma 0.3, kuna mita 6 zilizomezwa kati ya boksi na hapo: chujio lililozibwa na majani, hewa iliyokaa kwenye mgongo wa kilima, mchanga kwenye bonde, au koki iliyoachwa nusu. Msomaji wa geji awe mvumilivu. Sindano hucheza kidogo kwa sababu vurugu yenyewe inacheza. Chukueni wastani wa dakika moja.

Hewa ni adui asiyeonekana kwenye vilima vyenu vya Maragoli. Paipu ikipanda mgongo kisha ikashuka, mapovu hukusanyika mgongoni na kuacha njia nyembamba ya maji chini yake. Hapo hesabu yangu yote ya paipu iliyojaa inavunjika. Dawa ni valvu ya kutolea hewa pale juu kabisa ya kila mgongo. Mabondeni ni koki za kuoshea, zifunguliwe kabisa kwa dakika chache kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua za masika.

Badilisheni sasa kile kipande cha mwisho: paipu ya inchi 1½ au, bora zaidi, inchi 2, na koki ya boya ya ukubwa huo huo. Msinunue boya kubwa kisha mkaliunganisha kwa kipunguzio cha ¾. Tatizo litakuwa limehama tu. Baada ya hapo ndoo inapaswa kujaa kwa sekunde 15 au 16, yaani lita 1.3 kwa sekunde. Ikibaki 17 au 18, rudini kwenye geji, kuna kizuizi kingine.

Lita 1.3 ndio ukomo wa tundu la milimita 44 kwa mteremko huu. Bado lita 0.9 zinamwagika juu. Hapa ndipo pampu inapovutia, na hapa ndipo inapowapoteza watu.

Kwenye mkondo wa vurugu, msuguano hupanda karibu na mraba wa maji. Ukiongeza nguvu ya kusukuma mara mbili, maji hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka kwa asilimia 41 hadi 49 tu. Kupitisha lita 2.2 kwenye paipu yenu ya 50 kunahitaji mita 90. Mteremko unatoa 36. Pampu italazimika kutoa 54, saa zote 24, kwa sababu chemchemi hailali. Kwa ufanisi wa kawaida wa pampu ndogo na mota yake, asilimia 45 hivi, hiyo ni kilowati 2.6: yuniti 62 za stima kila siku, milele, ili kusugua maji kwenye ukuta wa plastiki. Kisha angalieni mahali pa kuiweka. Chini, karibu na tangi, penye stima, haitafanya kazi: pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa inavyoweza kusukuma, na kwa mwinuko wenu hata kinadharia haifiki mita 9. Itanyonya paipu hadi presha ya ndani iwe chini ya ile ya nje, na kila kiungo kilicholegea kitavuta maji machafu ya ardhini na kuyapeleka kwa watoto wa shule. Ili ifanye kazi salama ingebidi iwe juu, kwenye chemchemi.

Kipenyo kinafanya kinyume chake. Kwa maji yale yale, ukiongeza kipenyo mara mbili msuguano unashuka kati ya mara 27 na 32. Hata ongezeko dogo lina nguvu. HDPE ya 63 PN10 ina ukuta wa milimita 3.8 na tundu la 55.4, robo tu zaidi ya lenu. Kwa mita 36 inapitisha lita 2.4 badala ya 1.3. Kwa lita 2.2 inakula mita 29.6 na kuwaachia zaidi ya mita 6 za boya, kona na uzee. Kama mngelaza paipu upya, ningesema 63 mwanzo hadi mwisho bila kusita.

Lakini paipu ya 50 tayari iko ardhini na ni mali yenu. Msiifukue. Lazeni 63 sambamba nayo, mkiziunganisha kwa tii (kiungo cha njia tatu) juu na chini, na maji yagawane yenyewe. Kwa jumla ya lita 2.2, ile ya 63 itachukua lita 1.43 na ya 50 itachukua 0.77, na zote mbili zitakula mita 0.76 tu kwa kila mita 100. Ile 50 ikiwa peke yake inakula mita 5 kwa kila mita 100. Wekeni akiba ya mita 3 kwa kipande cha mwisho, mbaki na 33 za kutumia. Mkihesabu urefu wa njia mbili unaotosha, jibu linatoka hivi: mita 1,350 za njia mbili zinakula 10.2, mita 450 za 50 peke yake zinakula 22.6, jumla 32.8. Mmeokoa mita 450 za paipu na mtaro wake, na paipu ya zamani bado inafanya kazi.

Sehemu ya njia mbili ianzie juu, kwenye boksi. Jumla ya msuguano ingekuwa ile ile mkianzia chini, lakini presha ya njiani ingebadilika kabisa. Chukueni mgongo ulio mita 400 kutoka kwenye boksi. Njia mbili zikianzia juu, hadi hapo mmetumia mita 3. Zikianzia chini, ile 50 peke yake ingekuwa imetumia mita 20 kufika hapo, na kama mgongo huo uko mita 12 tu chini ya boksi, presha ndani ya paipu ingekuwa chini ya sifuri: hewa inatoka kwenye maji, viungo vinanyonya, mtiririko unakatika. Chora njia nzima kwenye karatasi, weka kila mgongo na kila bonde, na uhakikishe kwamba kila mgongo umebakiwa na angalau mita 5 baada ya kutoa msuguano. Mabondeni angalieni kinyume: boya likifunga, msuguano unatoweka na paipu inabeba uzito wote wa maji yaliyosimama. PN10 inavumilia mita 100 hivi. Pimeni bonde lenu la chini kabisa kutoka usawa wa boksi.

Kwenye kila moja ya zile paipu mbili weka koki yake, ili moja ioshwe wakati nyingine inapeleka maji. Na kwa kuwa njia mpya inaweza kupitisha zaidi kidogo ya kinachotoka chemchemini wakati wa kiangazi, boksi litashuka na paipu itaanza kunywa hewa kwa sauti ya kukoroma. Msiipunguze kwa koki ya juu. Punguzeni kwa koki ya chini, karibu na tangi, mpaka boksi lifurike kwa mchirizi mwembamba tu. Paipu itabaki imejaa na presha itabaki juu ya sifuri njia nzima.

Onyo moja kwa atakayehakiki hesabu hizi kwa vitabu. Kuna namba mbili zinazoitwa f. Vitabu vya wahandisi wa kemikali hutumia ya Fanning, ambayo ni robo ya hii ya Darcy. Ukikuta chati inasema 0.006 kwa paipu kama yenu, izidishe kwa 4 kabla ya kuitia kwenye kanuni niliyoandika. Chati ya Moody ya mwaka 1944, ambayo wahandisi wengi wa maji huitumia, ni ya Darcy.

Sasa ndugu yako wa Ahero. Vurugu ni ile ile na ukuta ni ule ule, isipokuwa juu kuna hewa badala ya ukuta, na nguvu pekee ni mteremko wa sakafu. Kanuni inayotumika ni ya Robert Manning wa Ireland, ya mwaka 1889. Chukua eneo la maji linaloonekana ukiukata mfereji kukingama kwa kisu, ligawanye kwa urefu wa sakafu na kingo zinazolowana. Jibu liinue kwa kipeo cha theluthi mbili, zidisha kwa kipeuo cha pili cha mteremko, gawanya kwa n, upate kasi; kasi mara lile eneo ndiyo maji yanayopita. Hiyo n ndiyo tabia ya ukuta: 0.015 kwa simenti iliyopigwa plasta, 0.025 kwa udongo uliosafishwa, 0.05 kwa udongo wenye magugu, na zaidi ya 0.08 magugu yakisongamana.

Uwanda wa Kano, ulipo Ahero, ni tambarare, kwa hiyo tuchukue mteremko wa mita 1 kwa kila mita 1,000, na mfereji wa shambani wenye upana wa sentimita 40 na maji ya kina cha sentimita 15. Ukiwa safi unapitisha karibu lita 15 kwa sekunde. Magugu yakiota na n kufika 0.05, kina hicho hicho kinapitisha 7.4. Lakini geti la juu halijui kuhusu magugu. Linaendelea kuingiza lita 15. Basi maji hujipandisha yenyewe mpaka yapate nafasi ya kupita, na nafasi hiyo ni kina cha sentimita 25. Kama tuta lake lina sentimita 20, ndipo anapoona mafuriko katikati na ukame mkiani. Hajapungukiwa maji. Maji ya Ahero yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Nyando na yamekwisha kulipiwa. Magugu ndiyo yanayoyamwaga.

Tena mkondo ukipungua kasi, tope la Nyando linatua sakafuni, mfereji unakuwa na kina kidogo zaidi, na magugu yanapata kitanda kipya. Kuinua tuta bila kusafisha kunampa wiki chache tu. Na anaposafisha, aanzie mkiani akielekea getini. Kwenye mfereji wa polepole kama huo, kizuizi cha chini ndicho kinachoyarudisha maji nyuma na kuyainua kote juu yake. Akifyeka juu na kuacha mkia umeziba, atafanya kazi siku nzima na kina karibu na tuta kitabaki pale pale.